Faida ya Wengi: Hesabu Iliyofanyika Katavi Mara Nyingi

Mkutano mkuu wa kijiji ukifika kwenye kura, mtendaji huhesabu mikono na kuandika kwenye muhtasari: waliokubali wangapi, waliokataa wangapi. Tuseme kijiji hicho kiko Kata ya Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na ajenda ni mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sehemu ya msitu wa miombo inatakiwa kutengwa. Humo hakutalimwa, hakutachomwa mkaa wala kuchungwa ng'ombe, na mapato yatakayotokana na kuutunza msitu yatajenga madarasa, zahanati na kisima. Kaya mia tatu zitafaidika. Kaya tisa zina mashamba humo ndani, na hazina shamba jingine.

Mfano huu nimeutunga ili tuwe na kitu cha kujadili, lakini mtu anayeijua Katavi hatauona mgeni. Mia tatu kwa tisa: kura imekwisha kabla haijapigwa.

Fikra inayofanya kura hiyo ionekane nyepesi ina historia ndefu. Wanafalsafa huiita nadharia ya manufaa. Kwa mujibu wake, ubora wa tendo, sheria au sera hupimwa kwa matokeo yake tu, na matokeo mema ni yale yanayoongeza furaha na kupunguza maumivu kwa jumla ya wote wanaoguswa. Hatuhitaji kwenda chuo kikuu kuikuta. Imo katika Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayoruhusu ardhi ya kijiji kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na imo katika Ibara ya 30 ya Katiba yetu, inayoweka mipaka ya haki za mtu mmoja mbele ya maslahi ya wote. Nchi isiyo na kifungu cha namna hiyo haiwezi kupitisha reli wala bomba la maji.

Naiheshimu nadharia hii, pengine kuliko wengi wanaoilaumu. Na bado naamini imewaumiza watu wa magharibi ya Tanzania mara nyingi mno, kwa sababu moja inayojirudia. Kila mara hesabu ilifanywa na mtu asiyeishi mahali penyewe, kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa.

Tuanze na heshima. Jeremy Bentham alizaliwa London mwaka 1748, akasomea sheria, na sheria aliyoikuta ikamchukiza. Uingereza ya wakati wake iliweza kumnyonga mtu kwa wizi mdogo, na watetezi wa adhabu hizo walisema ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zamani. Bentham akawauliza: adhabu hii inamsaidia nani, inamuumiza nani, na je, maumivu inayoyaleta ni makubwa kuliko yale inayoyazuia? Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alitaka kila furaha na kila uchungu vipimwe kwa ukali, kwa muda, kwa uhakika, na kwa idadi ya watu vinaowafikia. Katika hesabu hiyo uchungu wa mfalme haukuzidi uchungu wa mkata kuni. Hata mnyama alihesabiwa, kwa kuwa naye huumia.

Lilikuwa jambo kubwa, na bado ni kubwa. Chukua shilingi elfu kumi. Mfukoni mwa mfanyabiashara mwenye malori matatu hazionekani. Kwa mama mjane anayeuza karanga kwa kopo pale sokoni, ni madaftari ya watoto, sabuni, na unga wa siku kadhaa. Kwa kipimo cha Bentham, noti hiyo moja ina uzito mkubwa zaidi mkononi mwa mjane, na serikali yenye noti moja ya kutoa ina wajibu wa kujua iipeleke wapi. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, unaowapa wanakijiji wenyewe nafasi ya kusema nani ni maskini kweli, umesimama juu ya hoja hiyo hiyo. Sioni falsafa nyingine ambayo imemtetea maskini kwa lugha iliyo wazi kiasi hicho.

Baada ya Bentham akaja John Stuart Mill, ambaye kitabu chake kuhusu nadharia hii kilitoka mwaka 1863. Mill aliongeza kwamba furaha hazilingani, kwamba furaha ya akili na ya utu ina daraja la juu kuliko ya tumbo. Miaka minne kabla, katika kitabu chake kuhusu uhuru, alikuwa ametetea kwa nguvu zote haki ya mtu mmoja kusema tofauti na umma mzima. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho aliandika kwamba uhuru huo hauwahusu watu wa mataifa aliyoyaona hayajastaarabika. Hao, alisema, wanaweza kutawaliwa kwa mkono wa nguvu mradi lengo liwe kuwaendeleza. Na si maneno ya mtu wa maktaba tu. Tangu mwaka 1823 hadi 1858 Mill alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyotawala mamilioni ya watu wa Bara Hindi kutoka ofisi ya London. Hapo ndipo ninapoanza kuwa na mashaka. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba kila mmoja anahesabiwa sawa, na papo hapo akajipa yeye peke yake kazi ya kuhesabu.

Magharibi ya Tanganyika ilikutana na wahesabuji wa aina hiyo mapema. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilipambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kwa kuwakusanya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika porini na kuwaweka katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka. Kitabibu hoja ilikuwa na nguvu: ndorobo hapendi mahali peupe penye watu wengi, na wagonjwa waliokusanywa pamoja waliweza kuchunguzwa na kutibiwa. Maisha mengi yaliokolewa. Ila ardhi iliyoachwa haikubaki ikiwasubiri wenyewe. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi kuhamishwa huko kulivyoliachia pori nchi ambayo wakulima walikuwa wameidhibiti kwa vizazi vingi, na jinsi pori lilivyogeuka kuwa makao ya wanyama na ndorobo zaidi. Kwenye daftari la daktari mkuu, faida ilionekana katika safu ya vifo vilivyopungua. Hasara iliyofuata haikuwa na safu.

Miongo michache baadaye wahesabuji walikuwa ni sisi wenyewe, na hapo jambo linakuwa gumu zaidi kulisema.

Mwalimu Nyerere alimfahamu Mill. Akiwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940 alisoma insha ya Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, na ikamsukuma kuandika insha yake juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki. Mtu aliyeanza hivyo hakuwa dikteta wa moyo. Mwaka 1967, alipoeleza siasa ya Ujamaa Vijijini, alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kuwalazimisha watu. Kisha ikafika Novemba 1973, akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima awe ameingia kijijini. Hoja yake ilikuwa ya manufaa kutoka mwanzo hadi mwisho: huwezi kupeleka shule, maji na mganga kwa kaya moja moja zilizosambaa msituni. Watu zaidi ya milioni kumi wakajikuta vijijini katika muda mfupi.

Sitaki kuwadharau waliofaidika. Kizazi kizima cha Watanzania kilijifunza kusoma kwa sababu shule ilikuwa karibu, na wengi wanaosoma gazeti hili leo ni watoto au wajukuu wa hesabu ile. Ila ukifika nchi ya Watongwe na Wabende, kati ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, unaona upande wa pili. Watu hawa waliishi katika vitongoji vidogo vya kaya chache, mbali mbali, na hawakufanya hivyo kwa ujinga. Udongo wa miombo huchoka haraka na unataka kupumzishwa, na msitu uliozunguka kitongoji ndio uliotoa asali, uyoga, dawa na kitoweo. Mtafiti wa Kijapani Makoto Kakeya, aliyeishi na Watongwe katika miaka ya 1970, alieleza jinsi maisha yao yalivyojengwa juu ya kulima kinachotosha na kugawana na jirani na mgeni. Operesheni Vijiji, yaani utekelezaji wa amri ile ya 1973, iliwaondoa milimani. Mwaka 1985 eneo la Mahale walikokuwa wakiishi baadhi yao likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na leo watalii kutoka pande zote za dunia huja kuwaona sokwe huko. Mtu ambaye baba yake alizikwa mlimani huko atapanda mlima kwa kibali.

Kuna msomaji atakayesema: lakini hiyo si kasoro ya nadharia, ni kasoro ya wahesabuji waliosahau baadhi ya hasara. Ana haki. Watetezi makini wa nadharia ya manufaa wanajibu hivyo hivyo, na wanaongeza hoja nzuri: tusihesabu tendo moja moja, tuhesabu kanuni. Kanuni inayoruhusu watu kuhamishwa kila anapopatikana mwenye matumizi bora ya ardhi yao huleta hasara kubwa kuliko faida, kwa sababu watu wasio na uhakika wa kesho hawawekezi. Hawapandi miembe, hawachomi matofali, hawachimbi mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Naikubali hoja hii, na ushahidi wake uko karibu na Kabungu kuliko mtu anavyodhani.

Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwasukuma watu wengi mno kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali iliwapa makazi katika misitu ya magharibi: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba karibu na mji wa Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo, ambayo sasa imo ndani ya Wilaya ya Tanganyika. Waliingizwa kwenye pori la ndorobo, wakapewa mashamba na majembe. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, wanalipa kodi, na wanauza mahindi, maharage na tumbaku nje ya makazi yao, kiasi kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilijiondoa. Sijui mfano bora zaidi wa sera iliyopunguza maumivu ya wengi kwa gharama ndogo, na Tanzania inastahili sifa yake yote.

Mwaka 2007 serikali ikaamua kuyafunga makazi hayo. Wanaotaka kurudi Burundi warudi, wanaobaki waombe uraia. Zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Sharti lililoambatana na uraia ndilo lililotesa: wahame, wasambazwe katika mikoa mingine ya nchi. Katika kipindi hicho hicho kampuni ya AgriSol Energy ya jimbo la Iowa, Marekani, ilikuwa ikiitaka ardhi ya Katumba, Mishamo na Lugufu ya Kigoma kwa kilimo kikubwa cha mashine. Taasisi ya Oakland ya Marekani iliutangaza mpango huo mwaka 2011 na kusema unahusu zaidi ya hekta 300,000. Waliouunga mkono walisema utazalisha chakula, ajira na mapato kwa taifa zima, wakati ambapo kaulimbiu ya nchi ilikuwa Kilimo Kwanza.

Hapa hesabu ya manufaa ilikuwa na wateja wa pande mbili. Upande mmoja, Watanzania wote wangekula. Upande wa pili, watu zaidi ya laki moja na elfu sitini, ambao ndio walioligeuza pori kuwa shamba, wangeondoka. Wale waliohesabiwa kuwa wenye hasara hawakuwa raia kamili wala wakimbizi kamili. Walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hati za Tanzania hawakuwa wamezishika. Miaka ikapita hivyo. Nani apande kahawa au apige ripu nyumba ambayo kesho anaambiwa aiache? Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kilichokuwa kikishirikiana na kampuni hiyo, kilijitoa. Mpango wa mashamba makubwa haukufika popote, sharti la kuhama likawekwa kando, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti vya uraia. Watu wa Katumba na Mishamo wako pale pale. Soko la Mpanda linalijua hilo kila msimu wa mavuno.

Swali linalonikera ni hili: je, mpango ule ulikuwa mbaya kwa sababu mahesabu yalikosewa? Tuseme mahindi yangepatikana kweli, tena mengi. Je, ingekuwa sawa basi? Mfuasi mkali wa Bentham atalazimika kusema ndiyo. Mimi nasema hapana, na nadhani wazee wengi wa Kabungu watasema hapana pia. Kumlisha mtu wa Dar es Salaam ni jambo jema. Kumwondoa mtu wa Mishamo kwenye shamba alilolitoa mikononi mwa ndorobo, bila ridhaa yake, ni kumfanya jiwe la kujengea daraja la wengine. Maumivu yake hayafutwi na kushiba kwangu, kwa kuwa mimi na yeye si mtu mmoja. Nadharia ya manufaa hujumlisha furaha zetu kwenye kapu moja, na kapu hilo halina mwenyewe.

Mto Katuma unaleta ugumu wa namna yake. Unashuka kutoka milimani, unapita katika mashamba ya mpunga ya Mpanda, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Kiangazi kinapokuwa kikali na maji yamezuiwa juu kwa ajili ya majaruba, viboko wa Katavi hurundikana kwa mamia kwenye madimbwi ya tope. Bentham angewahesabu, na naona angefanya vyema. Lakini serikali inapovunja vizuizi vya maji ili mto ufike hifadhini, mkulima aliyekwisha kupandikiza mpunga ana haki ya kuuliza ni nani aliyempigia kiboko kura, na nani alimpigia yeye.

Sasa turudi kwenye misitu, maana huko ndiko hesabu inakoendelea leo. Katika Wilaya ya Tanganyika vijiji vinane vya ukanda wa Mwese, Katuma na milima ya Ntakata vimeingia katika biashara ya kaboni kwa kushirikiana na halmashauri ya wilaya na kampuni ya Carbon Tanzania. Vijiji vinatunza msitu, hewa ukaa iliyobaki ndani ya miti inapimwa, makampuni ya nje yananunua, na fedha inaingia kwenye akaunti za vijiji. Ni mabilioni ya shilingi. Zimejenga madarasa na zahanati na kulipia wanakijiji bima ya afya. Ni nadra kuona fedha ya mazingira ikifika kijijini moja kwa moja, ikajadiliwa kwenye mkutano, na kila mtu akajua zahanati ilitoka wapi. Mwenye mashaka na biashara hii aende akaulize mama aliyejifungulia karibu na nyumbani.

Nasema haya nikiwa na wale tisa kichwani. Kijiji chochote kinachofikiria njia hii, Kabungu au kwingine, kitakutana nao: mwenye shamba ndani ya msitu uliotengwa, mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Usukuma na hakuandikwa kwenye daftari la wakazi, mrina asali ambaye mizinga yake iko upande usiofaa wa mpaka mpya, na kijana wa miaka kumi na miwili ambaye atahitaji shamba baada ya miaka kumi na kwenye mkutano hana mkono wa kunyoosha. Kura ya wengi inaweza kuwa halali kabisa na ikawa imewasahau wote hawa. Zahanati ikishajengwa hutawasikia wakilalamika hadharani, kwa sababu ni vigumu kusimama mbele ya zahanati na kusema ilijengwa kwa gharama yangu.

Lakini fedha ya kaboni ina sifa moja ambayo hesabu zilizotangulia hazikuwa nayo. Ipo. Mwaka 1973 serikali haikuwa na chochote cha kumlipa aliyeacha kitongoji chake. Leo kijiji chenye mamilioni kwenye akaunti kinaweza kumpa mwenye shamba la msituni shamba jingine, kumlipia gharama za kufyeka na kulima msimu wa kwanza, kuhamisha mizinga, na kumtengea mfugaji njia ya kufika majini. Wengi wakifaidika kweli, hawatashindwa kuwalipa wachache waliowawezesha. Wakishindwa, basi faida ile haikuwa kubwa kama ilivyotangazwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka ardhi ya kijiji isihamishwe kabla ya makubaliano juu ya fidia: kiasi, namna na wakati wa kuilipa. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya ardhi inayotoka mikononi mwa kijiji. Naziomba halmashauri za Katavi na wenyeviti wa vijiji walifuate pia pale kijiji chenyewe kinapojitengea msitu: majina ya wanaopoteza yaandikwe kwanza, wasikilizwe kabla ya kura, walipwe kabla ya mpaka kuwekwa, na taarifa ya mapato na matumizi inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo ionyeshe, pamoja na madarasa yaliyojengwa, nani alilipwa nini.